Kiganja Kisichokuwepo Ukutani

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971, mtoto wa tatu kati ya wanne wa mama mshonaji na baba mlinzi wa ghala. Baada ya sekondari alisomea ufundi bomba, akahitimu mwaka 1993. Ripoti yake ya mwisho ilisema: "Mwangalifu, ila huchelewa kumaliza." Nyumbani tulimtania kwa sentensi hiyo miaka mingi.

Alifunga ndoa tarehe 4 Desemba 1999. Siku hiyo sharubati ilimwagikia gauni la bibi harusi, naye akapiga magoti kujaribu sabuni kwanza kwenye upindo wa ndani.

"Mwenzangu, watu wanatungoja ukumbini."

"Wacha wangoje. Gauni likiharibika, utanisimanga mpaka uzeeni."

Doa lilitoka.

Mwaka 2006 alinunua mashine ya kuoshea kwa maji ya presha, akaifunga kwenye pikapu pamoja na tangi, akawa anawafuata wateja majumbani kuosha kuta, paa na baraza. Hakuwahi kuanza kazi kabla ya kujaribu maji mahali pa chini palipojificha, eneo la ukubwa wa kiganja, na kungoja pakauke. Akimaliza kazi yote, aliandika tarehe hapo kwa penseli ya seremala. Washindani walimwita Kiganja kwa kejeli. Wateja wakalitamka jina hilo kwa heshima.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2023. Alilazwa tarehe 2 Machi mwaka huu na kufariki tarehe 6 Mei, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Nimeombwa niishie hapo. Sitaweza.

Mwezi Januari, mtu aliyevaa kofia na barakoa alifika kwa mwalimu mstaafu akidai ametumwa na Kiganja. Mwalimu alimfungulia geti, akaenda zake mjini. Ukuta wake wa mawe ulichubuliwa vibaya. Kabla mwalimu hajarejea, mwenye pikapu ya bluu, mshindani wa marehemu kwa miaka tisa, alikwisha kuwasimulia wateja wetu kila kitu, hata ufa ulio nyuma ya tangi la maji, ambao barabarani hauonekani. Aliuonaje? Nauliza tu. Wateja walituhama mmoja mmoja.

Kitandani, marehemu aliniambia: "Mdogo wangu, nenda katafute kiganja. Usipokiona, si mimi."

Nilichelewa, nilikwenda siku mbili baada ya kifo chake. Mimi na mwalimu tuliukagua ukuta mzima tukiwa tumepiga magoti. Hapakuwa na kiganja wala tarehe.

"Mwanangu, nilimkosea," alisema mwalimu. "Nitasema mbele za watu." Yupo hapa leo, na ameniruhusu nimnukuu.

Shada kubwa kuliko yote pale mlangoni limetoka kwa mwenye pikapu ya bluu. Tumelipokea kwa adabu. Maelezo tungeyapokea kwa furaha zaidi. Nanyi mlioieneza habari ile, tunaomba midomo ileile ikairekebishe.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, kaka wawili na mimi, dada yake. Binti wa kwanza ataendelea na mashine, na penseli.

Pumzika kwa amani, kaka. Ukuta ule hukuuosha wewe.