Papa Mbonigaba na Kardani Iliyotetemeka Chini ya Kibua

Papa Faustin Mbonigaba, fundi mkuu wa garaji yetu ya Kingi, anapumzika kazi tarehe 30 Juni 1958, baada ya miaka kumi na tisa ya kulala chini ya magari ya shamba hili la pareto. Sisi wenzake bado hatujapona mshtuko.

Tulitangaziwa asubuhi, wakati wa kuitwa majina. Musie mkubwa, Mzungu bosi wetu, alisema Papa Mbonigaba mwenyewe ameomba kupumzika, akakunja karatasi yake na kwenda kunywa kahawa. Garaji nzima tulibaki midomo wazi. Huyu ni mtu ambaye mwezi uliopita tu alibeba sanduku la gia kifuani kama anabeba mtoto wa kubatizwa. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyegombana naye. Mimi niandikaye, Marcellin Sebarenzi, dereva wa lori, nikishtuka huwa nakasirika kwanza, na wote mnanijua. Nilimfuata nikamuuliza kisa ni nini. Aliniambia nikapime upepo wa tairi la nyuma.

Basi nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake. Wanasema madereva tuna maneno mengi kwa sababu mvua ikinyesha hatuna kazi ila kukaa kwenye matope na kusimulia. Sawa.

Papa Mbonigaba aliingia hapa mwaka 1939 na jembe begani, kupalilia pareto. Alikuwa mkulima wa maharage na viazi wa mlima huu huu, kama baba yake na babu yake, na hakuwa na haja yoyote na chuma. Siku moja lori lilizama kwenye matope mbele ya shamba, na kila mtu akawa anapiga kelele jinsi ya kulitoa. Yeye aliingia chini kuangalia limekwama wapi. Alipotoka, uso wote udongo, alikuwa ameshakipenda chuma. Mama Geneviève Nyiraneza, mke wake, anasema tangu siku hiyo hakuwahi kufua shati lake likatakata.

Vita vya Wazungu vilipokolea, matairi hayakuletwa tena kutoka Ulaya. Papa Mbonigaba alishindilia majani makavu ndani ya matairi yaliyochoka, na magari yakaendelea kutembea. Yalitembea vizuri kabisa mpaka siku tuliyoegesha sokoni Mweso. Tuliporudi na mizigo tulimkuta ng'ombe mmoja ametoboa kwa pembe mahali palipochanika na anatafuna tairi letu kwa raha zake. Mwenye ng'ombe alidai tumemharibia mnyama tumbo. Sisi tulidai ametuharibia safari. Papa Mbonigaba alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaenda kutafuta majani mengine.

Lakini kisa ninachotaka kisisahaulike ni cha mwaka 1951, kwa sababu kazi yangu ilikuwa inakaribia kuniponyoka.

Kiangazi hicho lori langu lilianza kutetemeka. Halikutetemeka hapa milimani, ambako barabara inapinda kila unapogeuka na hakuna anayefika mwendo wa sitini bila kuangukia bondeni. Lilitetemeka kule chini Walikale, kwenye kile kipande kilichonyooka baada ya Kibua. Nikikanyaga mafuta lipate mwendo, lori zima linashikwa na homa, meno yanagongana, abiria wa nyuma wanaanza kusali. Nikiachia mguu, linatulia. Kwa hiyo nikawa naenda polepole, na kila safari nachelewa. Musie alilijaribu lori mwenyewe, kutoka Kingi mpaka Masisi na kurudi, akipanda na kushuka milima. Halikutetemeka hata kidogo. Akasema mimi ni mwongo, nachelewa kwa sababu nasimama Kibua kunywa kasiksi, pombe ya ndizi, na mwezi ukiisha nirudishe funguo. Nilikuwa na watoto wadogo nyumbani. Sikulala vizuri, nasema wazi.

Papa Mbonigaba aliomba ruhusa tushuke pamoja Walikale kabla mwezi haujaisha. Alikuja na sahani ya bati na maharage makavu, aliyoyachota jikoni kwa Mama Nyiraneza. Nilidhani ni chakula. Tulipofika kwenye kile kipande kilichonyooka aliiweka sahani sakafuni katikati yetu, akaniambia niendeshe na ninyamaze. Alisema mtu aliyeitwa mwongo anaweza kutetemeka mwenyewe akadhani ni gari. Maharage hayana woga wa kufukuzwa kazi.

Kwenye arobaini yalitulia. Kwenye sitini, nilipokanyaga mafuta, yaliruka yote, mengine yakaingia kwenye viatu vyangu. Nilipoachia, yakalala. Akaniambia nishike mwendo ule ule kisha nitoe gia, lori lijiendee lenyewe. Maharage yakatulia, ingawa magurudumu yalikuwa bado yanakimbia. Basi shida haikuwa magurudumu. Tukasimama, akaniambia niungurumishe motere, yaani injini, palepale. Maharage yakatulia tena. Basi shida haikuwa motere. Kilichobaki ni kile kilicho kati ya motere na magurudumu, kinachoumia pale tu kinapobebeshwa nguvu: kardani, lile bomba refu la chuma linalozunguka chini ya lori na kuyasukuma magurudumu ya nyuma.

Aliingia chini. Mimi nilikaa kivulini nikiokota maharage, nina furaha ya ajabu. Alikawia huko. Nikainama nikamwona amelala chali, mikono kifuani, anaangalia tu.

Kardani ile ina vipande viwili vinavyoingiliana kwa meno, na kila kipande kina uma wake. Uma wa mbele na uma wa nyuma lazima zitazame upande mmoja. Ukikosea meno machache wakati wa kuvichomeka, uma hizo zinapishana, na kwenye mwendo mkubwa bomba zima linarukaruka. Zilikuwa zimepishana. Na mtu aliyefungua na kufunga kardani ile, kabla tu ya kiangazi, alikuwa mmoja. Alitoka chini akasimama mbele yangu, vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

“Ni mikono yangu, kaka,” akasema.

Nilishtuka mpaka maharage yakamwagika tena. Fundi huyu! Lakini haraka haraka nikaona njia. Nikamsihi aifungue palepale, airekebishe, turudi na lori zima, na mimi sitasema neno kwa mtu. Alikuwa ameshaahidiwa ushefu, yaani ukuu wa garaji, mwaka huo, na hilo tulilijua wote. Alikung'uta suruali yake.

“Tukirudia na kamiyo imepona,” akasema, “Musie ataamini kweli ulikuwa unamudanganya. Tutarudia nayo hivi hivi.”

Tukapanda milima mpaka Kingi na kardani ikiwa imefungwa vibaya, polepole, na mimi namkasirikia njia nzima mtu anayeniokoa.

Asubuhi yake, wakati wa kuitwa majina, hakungoja aulizwe. Alitoka kwenye mstari mbele ya wafanyakazi wote, wapaliliaji, wakaushaji, makarani.

“Musie, ile kamiyo inatetemeka juu ya kosa yangu. Njo mimi nilifunga kardani mubaya. Sebarenzi hakudanganya, hakulewa. Kama munafukuza muntu, munifukuze mimi.”

Katika shamba hili tulikuwa tumeshaona watu wakikana makosa huku wameyashika mkononi. Hatukuwa tumewahi kuona mtu akilidai kosa lake. Musie mwenyewe alibaki ameshika kofia. Alishuka kwenye shimo la garaji, akaonyeshwa uma, akapanda tena, akaniambia nibaki na funguo. Lakini ushefu ulikwenda kwa Raphaël, kijana aliyefundishwa na Papa Mbonigaba mwenyewe namna ya kushika ufunguo wa boliti. Papa alimletea Raphaël kuku wa pongezi, akafanya kazi chini yake kwa adabu mpaka Raphaël alipohamia Goma na kiti kikamfikia yeye. Sisi tuliona uchungu kwa niaba yake. Yeye alionekana hana.

Jambo moja tu lilibadilika. Tangu mwaka ule, kila alipofunga kardani, alimwita dereva wa gari lile alale chini na kuangalia kabla hajakaza boliti za mwisho. Tulimchukia kwa hilo! Shati safi, saa ya kuondoka imefika, na fundi mkuu anang'ang'ania ulale kwenye mafuta umkague kazi yake. Marehemu Nzabandora, aliyeendesha gari dogo, alimwambia kwamba yeye ni dereva, hakuajiriwa kuwa kuhani wa kuungamisha mafundi. Papa alicheka, akamtandikia gunia alale.

Mwezi wa tano mwaka huu, siku chache baada ya tangazo lile, alimaliza kufunga kardani ya lori langu na kuniita. Nilimwambia kwamba katika miaka yote hii sijawahi kukuta kosa, leo tusameheane, nina mzigo wa Walikale.

“Lala, uangalie,” akasema.

Nikalala, nikaangalia. Uma zilikuwa zimepishana.

Nilicheka. Nilidhani ananipima kabla ya kuaga, maana ndio utani wake. Nikamwambia, Papa, leo umenipata, haya kaza tuondoke. Lakini yeye hakucheka. Alikaa juu ya gunia, ufunguo mkononi, akauliza zimepishana upande gani. Alikuwa anauliza kwa sababu hajui.

“Macho imeisha, Sebarenzi. Tangu Noeli nafunga kardani na vidole tu,” akasema. “Njo maana niliomba kupumuzika. Ukiandika ile karatasi yako, usiifiche.”

Nilitaka kuificha. Ningeandika kwamba amechoka, kwamba anakwenda kulima, na hapana ambaye angeuliza zaidi. Lakini mtu huyu alinirudisha Kingi na kardani imefungwa vibaya ili nisiitwe mwongo, na mimi siwezi kumuaga kwa uongo. Siku ile alinielekeza kwa maneno, mikono yangu ikafanya, nikaifunga upya mimi. Kisha alipapasa uma zote mbili kwa dole gumba, akaniambia nilale tena niangalie. Nikalala, sikunung'unika.

Papa Mbonigaba, kwa niaba ya garaji, shamba na kila abiria aliyefika Walikale akiwa na meno yake yote, asante. Mlima wa Kingi ukupokee vizuri pamoja na Mama Nyiraneza, maharage yenu yazae, na uishi miaka mingi ya amani bila kuingia chini ya kitu chochote. Gunia lako tumelitundika mlangoni mwa garaji. Kila kardani itakayofungwa hapa, dereva atalala juu ya gunia hilo na kuangalia, hata kama fundi ni wewe.