Kikofia cha Rangi ya Chungwa

Basi la kutoka ziwani lilikuwa halijatoka hata kituoni, na tayari watu wawili walikuwa wameshikana maneno. Mshonaji, aliyekaa nyuma yao na furushi la vitambaa mapajani, alitega sikio. Binti yake huogelea ziwani kila alfajiri, na leo mama alikuwa ametoka nyumbani kabla hajarudi.

"Wanataka kuleta sheria boti ziende mwendo wa kobe," alilalamika nahodha wa boti ya watalii. "Mgeni anakuja kupigwa na upepo. Akitaka polepole si apande mtumbwi?"

"Na anayeogelea je?" aliuliza mama mwenye mgahawa wa ufukweni. "Mkipita nyie, vikombe vyangu vinacheza rafuni. Kichwa cha mtu mtakionaje?"

"Mama, macho ninayo. Leo asubuhi nimeona kikofia cha rangi ya chungwa kule mbele, nikazima mashine, nikapiga kasia mpaka binti wa watu akafika ufukweni. Abiria wakanuna. Kuna sheria iliyonituma?"

Bwana huyu, mshonaji aliwaza, anaipinga kwa mdomo na kuitii kwa mikono.

"Na wenzako wasio na macho kama yako?"

"Hao wanyang'anywe boti. Mimi mniache."

Mshonaji alishusha pumzi ndefu. Kikofia kile alikishona yeye, na binti alikivaa kwa kulazimishwa, eti kinamfananisha na boya.

Basi liliposimama sokoni, wale wawili walikuwa bado wanavutana. Yeye alishuka, akaenda kutafuta kitambaa kinachowaka zaidi ya kile. Binti akinuna, na anune.