Upanga Namba 18609

Marehemu Leonard Ambrose Tuckwell alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 mjini Ludlow. Mimi, Winifred, ni dada yake wa pekee, na nawaambia ukweli: hakutulia hata tumboni. Mama alisema hivyo mwenyewe.

Alisoma hapa hapa Ludlow hadi 1964, kisha akaendesha gari la posta miaka thelathini na minane. Kazi ilimfaa, maana kukaa kitako kulimshinda.

Kilichomnyima utulivu ni upanga wa babu, Kapteni Ambrose, aliyefia vitani mwaka 1917. Bibi aliuuza, akajuta mpaka kufa. Mama alipougua, Leonard alimwahidi kuurudisha nyumbani. Risiti ya babu ilitaja namba iliyogongwa kwenye mgongo wa upanga: 18609. Basi akaanza kununua panga za zamani za maofisa, mnada hadi mnada.

Alimwoa Maureen Hotchkiss tarehe 15 Juni 1974. Siku ya pili ya fungate alitorokea mnadani Hereford. "Mwanamume gani huyu!" wifi alinipigia simu. "Ameniacha na mayai mezani!"

Kila upanga uliopita mikononi mwake, aliiwekea namba yake karatasi akaisugua kwa penseli, akahifadhi chapa yake. Novemba 2023, mapafu yakiwa yamekwisha kumchosha, alikuwa akizipekua chapa hizo. Maureen alikaa ng'ambo ya meza.

"Len, we! Si namba ya babu yako hiyo?"

"Acha utani. Hii ni 60981."

"Huko kwako. Huku kwangu ni 18609."

Aliisoma juu chini! Upanga wa babu ulikaa kwake mwezi mzima mwaka 1989, naye akampa Bwana Desmond Pargeter wa Kidderminster kwa kubadilishana na upanga mwingine. Alilia, jamani. Akampigia simu.

"Siuachii, mzee," Bwana Desmond alijibu. "Nimeuzoea."

Leonard alipiga kila siku. Mimi nilipiga mara moja, nikamtukana, na sijutii.

Leonard alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, amevaa viatu, akidai apelekwe Kidderminster.

Jana Bwana Desmond alibisha hodi na upanga mkononi. "Nilidhani bado ana muda," alisema.

"Naye alidhani hivyo hivyo," nikamjibu, nikaupokea.

Ameacha mjane, Maureen, binti, Philippa, wajukuu wawili, na mimi. Upanga umefika nyumbani, Len. Lala sasa, usiende popote.