Mama Marcelline Bitondo, Aliyelikomboa Neno Kambi

Ndugu waombolezaji, mama tunayemzika leo hakupenda hotuba ndefu, isipokuwa zake mwenyewe. Tutajitahidi kuwa wafupi.

Marehemu Marcelline Bitondo alizaliwa Lusangi tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu katika familia ya wakulima wa mpunga. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Lusangi, kisha akapelekwa kwa masista Kasongo, ambako alipata diploma ya ualimu mwaka 1981. Masista walimpa adhabu nyingi kwa kuimba bwenini, wala hakuacha.

Alifundisha hapa Kasongo miaka mingi, na baadhi ya mabwana wakubwa walioketi hapa mbele aliwavuta masikio. Mwaka 1984 alifunga ndoa na Papa Zéphirin, fundi cherehani, mtu mpole aliyeelewa mapema kwamba neno la mwisho nyumbani si lake. Mungu aliwajalia watoto wanne.

Mwaka 2006, vita vilipotulia kidogo, Mama alianzisha Kambi ya Vijana ya Maniema Kusini. Alitaka watoto wa Kasongo na wa Kabambare, Wakristo na Waislamu, walale pamoja wakati wa likizo, wajifunze kufuga samaki, kutengeneza baiskeli, na kufurahi. Papa Zéphirin akashona mahema kwa turubai nyeupe za sokoni, zile zile wanazogawiwa wakimbizi. Hapo mambo yakaharibika. Asubuhi ya kwanza mwendesha baiskeli aliyaona mahema kando ya mto karibu na Lusangi, akapita kijijini akipiga kelele: "Kambi imeingia!" Kwa watu wetu kambi ilikuwa ya wenye bunduki, au ya waliofukuzwa na wenye bunduki. Kijiji kizima kikashika njia, magodoro vichwani. Mama akawakimbilia na kiatu kimoja mguuni, watoto wote nyuma yake wakiimba. Watu waliposikia nyimbo wakasimama, na wengine walicheka hata wakakaa chini.

Kicheko hakikudumu. Wazazi walikuja kuchukua watoto wao. Papa Alimasi, mwenye duka hapa Kasongo, alimwambia waziwazi: "Mwalimu, badilisha hii jina. Sema vakansi, sema likizo. Mutoto yangu hawezi kulala mu kambi."

Mama alimjibu: "Walitunyang'anya ile neno, Papa Alimasi. Mutoto akisikia kambi, anatetemeka. Mimi nataka asikie, afurahi."

Hakubadilisha jina. Mwaka uliofuata alipata watoto saba tu, wawili wakiwa wake wa kuzaa. Sisi wa nyumbani tulidhani safari imeishia hapo.

Yeye akapanda pikipiki hadi Kabambare, kwa njia ile mnayoijua, akabisha hodi nyumba kwa nyumba, akilala kwa wazazi wenyewe na kuwafundisha nyimbo za kambi. Kidogo kidogo watoto wakaongezeka. Mwaka 2010 Papa Alimasi alimleta binti yake Soraya, akabaki langoni kumlinda, hadi alipoombwa, yeye Mwislamu, achinje mbuzi ili watoto wote wale sahani moja. Leo Soraya ndiye mkurugenzi wa kambi, yenye vituo Kasongo, Lusangi na Kabambare. Mwaka jana watoto walizidi mia sita. Ushindi huo Mama aliuona kwa macho yake, akajivunia bila kuficha, nasi tunajivunia pamoja naye.

Mwezi wa pili mwaka huu ugonjwa wa moyo ulimlaza. Alitibiwa hapa Kasongo, akiuguzwa na binti yake Yvette, na alifariki kwa utulivu tarehe 9 Juni 2025, akiwa na miaka 64.

Ameacha mume, Papa Zéphirin. Watoto wanne, Yvette, Bruno, Dady na Mado. Na wajukuu tisa.

Jana matangani wazazi wengi walimsogelea Papa Zéphirin, wakatoa pole, halafu wakauliza kwa aibu juu ya kambi ya mwezi wa saba. Mama mmoja wa Kabambare alisema: "Mutusamehe, Papa. Mutoto yangu alishafunga mzigo yake, iko anauliza kambi ni lini. Nimuambie nini?" Papa Zéphirin alilia, tena akacheka.

Familia inajibu kwa niaba yake: kambi ipo, na tarehe haikubadilika. Watoto wote wafunge mizigo. Mama yao apumzike kwa amani.