Mama Nyufa na Miaka Miwili ya Ugenini

Wazazi wetu, ndugu, jamaa na majirani, familia imenituma mimi, mdogo wa mume wake, niwasomee maisha ya shemeji yangu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la utani, Mama Nyufa, kwa sababu hakuingia nyumba ya mtu bila kukagua kuta, na hata siku alipoletwa kutambulishwa kwetu alimwambia mama yetu kwamba jiko lake litamwangukia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa tatu wa mwashi na mkunga, akasoma shule ya msingi mtaani kwao, kisha sekondari ya bweni, akahitimu uhandisi wa majengo mwaka 1991 na kubaki chuoni hapohapo kufundisha, na tarehe 14 Agosti 1993 akafunga ndoa na kaka yangu, muuguzi, wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike.

Mwaka 2001 alipata ufadhili wa utafiti ambao serikali ya nchi ya mbali huwapa wasomi wa kigeni, miaka miwili ya kujifunza kupima uchakavu wa zege bila kulivunja, naye binti yake ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na mama yetu alipouliza, "Mke wa mtu anaacha mtoto akasomee ukuta?" kaka alijibu, "Mama, kulea ndiyo kazi yangu, mwache aende." Huko alikaa chumba kimoja kilichotazamana na maabara, akilia kila Jumapili baada ya simu, kama alivyonisimulia mwenyewe, na aliporudi Oktoba 2003 binti yake alimwamkia, "Shikamoo shangazi," naye akaitika marahaba.

Mwaka 2009 alipima soko kuu, akasema lifungwe, wafanyabiashara wakamtukana, wakubwa wakasema usomi wa ugenini umempanda kichwani, naye akaweka kiti mlangoni, akagoma kuondoka mpaka lilipofungwa, na wiki iliyofuata paa la upande wa nguo lilishuka lote, bila mtu chini yake. Hakumcheka yeyote, alisema tu, "Mungu ashukuriwe, sasa tujenge." Alikuwa mbishi, nyumbani tulikoma naye, lakini wanafunzi wake wanne walipata ufadhili uleule, baada ya yeye kuwarudishia maombi yao wayaandike upya mpaka wakanuna.

Februari mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya figo, akatibiwa, akapata nafuu, akafundisha muhula mzima akiwa ameketi, hali ikabadilika ghafla, na Jumanne iliyopita jioni akafariki hospitalini, mumewe akiwa kando yake. Ameacha mume, watoto wawili na mjukuu mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliopika na kulala nasi, walimu wenzake, na profesa aliyempokea ugenini, ambaye kwa uzee wake wote amepanda ndege kuja kumzika mwanafunzi wake.

Shemeji, umefanya kazi, sasa pumzika kwa amani.