Kibogoyo Anastaafu

Baada ya miaka kumi na minne ya utumishi, Bi Swabaha Hatibu, sauti ya Kikosi chetu cha Sinema ya Afya, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2008. Wapo watakaoshangaa kusikia kwamba ana miaka sitini. Kazini alikuwa na miaka saba tu, tena bila meno ya mbele.

Bi Swabaha ni mtoto wa dukani. Baba yake alifuata biashara kutoka pwani akafungua duka la vitambaa Ngara mjini, na binti akakulia kwenye kaunta akibishana bei na wateja kwa Kiswahili na Kihangaza, lugha ya wenyeji. Mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika kambi ya Benaco, kikosi kilimwajiri atunze stoo ya sabuni. Aliitunza vizuri, ingawa hakuna aliyetoka humo na kipande bila kusomewa hotuba.

Mwaka huohuo tulipokea msaada wa kanda za katuni kutoka Japani. Zilikuwa nzuri ajabu: mtoto mtundu mwenye pengo, bibi yake, na bata wao, wakifundisha kunawa mikono, kutumia choo na kutoogopa sindano. Tatizo ni kwamba walizungumza Kijapani, na Benaco nzima hatukumpata mtu wa kuomba hata maji kwa lugha hiyo. Siku ya kwanza watoto waliojazana bandani walizomea mpaka Frednand, fundi wetu wa jenereta, akataka kuzima. Bi Swabaha, aliyekuja kugawa sabuni tu, akanyakua kipaza sauti, akabana pua, na yule mtoto akaanza kusema. Akambatiza jina la Kibogoyo.

Tangu hapo stoo ikatafutiwa mtu mwingine. Bi Swabaha alikaa nyuma ya blanketi lenye tundu la kuchungulia, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, akiwasemea wote. Kibogoyo alisema Kiswahili cha watoto. Bibi alisema Kihangaza, ambacho wakimbizi walikielewa bila shida, na bata akapewa Kiswahili cha ofisini, kila sentensi ikianza na "kwa mujibu wa taratibu". Watazamaji hawakuruhusiwa kumwona msemaji. Mtoto gani, alisema, atamwamini Kibogoyo akigundua kwamba anavaa buibui?

Kilichompa taabu ni kuinama. Katika katuni zile watu wanainamiana tangu asubuhi hadi jioni. Bi Swabaha aliamua kwamba kuinama ni kuamkia, na mambo yakaenda vizuri hadi kanda ambamo bibi anamwinamia mjukuu mpaka chini, machozi yakimtoka. Hakuwa na muda wa kufikiri, akamfanya bibi wa watu ampe mtoto shikamoo. Banda lilichafuka. Mzee Bizimana, kiongozi wa mtaa ule kambini, alisimama mbele ya televisheni akadai aletewe wazazi wa mtoto huyo. Onyesho lililofuata bibi alikuwa ameinama kutafuta sindano iliyomdondoka, na machozi yalikuwa ya kitunguu. Ikawa sheria: Kibogoyo hutoa shikamoo kwa kila kiumbe, hata bata, na hapokei hata moja.

Wanyarwanda waliporudi kwao mwishoni mwa 1996, Kibogoyo alihamia kwa Warundi wa kambi ya Lukole, na mara mojamoja akafika vijijini, Nyakisasa hadi Nyamahanga kule Biharamulo. Ndipo mratibu wetu mpya, Bwana Novatus, alipoagiza kanda zilizorekodiwa upya Dar es Salaam, zenye sauti safi na Kiswahili kilichonyooka. Bi Swabaha akaambiwa arudi kwenye sabuni. Alirudi na kikombe chake cha tangawizi. Na wakati haukuwa wa mchezo. Surua ilikuwa imeshachukua watoto kambini, na kanda ya sindano ndiyo tuliyoitegemea kuwaleta waliobaki kwenye chanjo.

Kibogoyo mpya alipofungua mdomo, binti mdogo aitwaye Ineza alisimama katikati ya banda. "Huyu si yeye," akasema. "Yeye mmempeleka wapi?" Frednand akaenda kukagua jenereta, na watoto wakajijibu wenyewe: Kibogoyo amekufa.

Kesho yake meza za chanjo zilikaa tupu. Kwa desturi ya huku, kukiwa na msiba hakuna anayeshika jembe wala kwenda kwenye shughuli, na watoto wa Lukole walikuwa msibani. Walikaa chini mbele ya ofisi yetu. Mama zao, ambao wengi walijua fika kwamba ile ni katuni, walileta maharage yaliyopikwa, maana msiba ni msiba. Katekista Pancras alipiga hodi kuuliza jina la ubatizo la marehemu. Hapo Bwana Novatus akaenda stoo kwa miguu yake mwenyewe.

Bi Swabaha alimsikiliza huku akipanga sabuni, kisha akaagiza chai ya tangawizi. Alipoimaliza, bila haraka, alipanda gari la matangazo akajifunika kanga. Kibogoyo akasikika kwenye spika akiwaeleza waombolezaji kwamba alikuwa Nyakisasa kwa shangazi, amekula ndizi mpaka tumbo limemuuma, na sasa anakwenda kuchanjwa. Anayeogopa abaki na bata. Siku ile mimi ndiye niliyeshika sindano, na hatukupata hata nafasi ya kunyoosha mgongo. Maharage yaliliwa kwa shangwe. Kanda za Dar es Salaam tuliziheshimu sana, tukazifungia kabatini.

Miaka ikaenda, na pengo la Kibogoyo likamhamia msemaji wake. Meno mawili ya mbele yalipong'oka alikataa ya bandia, eti yataharibu kazi. Odeta, mwenzetu kikosini, amefundishwa kurithi nafasi yake na tayari ni bibi mzuri na bata hodari. Kibogoyo amemshinda.

Mwezi uliopita Ineza alikuja kliniki na mtoto wake mgongoni, apimwe kabla ya kupanda lori la kurudi Burundi. Mtoto aliiona sindano akapiga ukelele. Bi Swabaha, aliyekuwa chumba cha pili akikabidhi vifaa, akamtuliza kwa sauti ya Kibogoyo bila hata kuchungulia. Mtoto hakujali, aliendelea kulia. Aliyenyamaza ni mama yake. Ineza alisukuma mlango, akamkuta mama mtu mzima mwenye buibui na pengo. "Kumbe siku zote ulikuwa bibi," akasema. Kisha akainama mpaka chini, kama wanavyoinama kwenye katuni, akamwamkia. Bi Swabaha, ambaye hajawahi kukosa neno tangu duka la baba yake, alishindwa kuitikia. Alikaa kwenye boksi la sabuni akalia, na hapakuwa na kitunguu.

Bi Swabaha, asante kwa watoto wote uliowaleta kwenye sindano wakicheka. Tunakuombea afya, usingizi mzuri wa mchana, na tangawizi isiyokauka nyumbani kwako. Nanyi mtakaokuwa ukumbini tarehe 30, mnaombwa kusimama atakapoingia, kuinama na kumwamkia. Miaka yote hii ametoa shikamoo kwa wakubwa, kwa wadogo na kwa bata. Sasa ni zamu yake kuitikia, na hata akianza kulia, tutamsubiri.

Shikamoo, Kibogoyo.

Kezia Nduwayo, muuguzi wa chanjo