Risala ya Kupokea Jino, Mashine Iliyokaa Bandani Miezi Kumi na Mitatu

Mgeni rasmi, Jumatano ya tarehe kumi na nne mwezi wa kumi na moja mwaka jana, saa tisa alasiri, ukuta wa jiko ulimwangukia katibu wa kikundi chetu, akafariki. Mimi ninayesoma ni mume wake. Wenzangu walitaka asome mwenye shule. Nikasema kwa haya darasa la nne linatosha.

KARIBU

Karibu sana. Tulikukaribisha mara tatu, ukapata udhuru mara tatu, na uwanja tuliufagia mara zote. Wanasema kawia ufike. Umefika, tunashukuru. Yuko ambaye hakukusubiri.

HISTORIA YA UDONGO WETU

Misimu kumi na miwili trekta la mradi lililima mashamba haya kwa kina kilekile, shibiri moja, hata udongo ukiwa tope, kwa kuwa ratiba ya ofisi ilisema ni siku hiyo. Chini ya shibiri hiyo udongo ukashindiliwa, ukawa gamba. Mzizi wa mhindi ukifika hapo unakata kona. Bwana shamba akatuambia ni upungufu wa mbolea. Marehemu akachukua kipande cha nondo, akakichomeka ardhini mbele yake, kikagota.

"Bwana shamba," akamwambia, "sakafu umeshatujengea. Bado paa tu, tuhamie."

Tulicheka. Bwana shamba hakucheka, ila aliandika ofisini.

MAFANIKIO

Ni moja. Mwezi wa tisa mwaka jana mashine ililetwa. Ni chuma kirefu kilichopinda, kinavutwa na trekta, kinazama kina cha mkono mzima na kupasua gamba bila kupindua udongo. Tukaiita Jino. Likafungwa utepe mwekundu, likafungiwa kwenye banda la ofisi. Tukaambiwa haliingii shambani mpaka lizinduliwe. Na Jino linataka ardhi kavu. Kwenye tope linapita, na nyuma yake panajifunga tena. Kiangazi kile ndicho kilichokuwa chake.

Hapa tunakiri kosa letu. Kila Jumamosi tuliomba tufunguliwe banda, tukalifuta vumbi, tukalipaka grisi, tukarudi nyumbani tumeridhika kwamba tunatunza mali. Mke wangu peke yake alisema, "Mnaliogesha kama bibi harusi. Kwani huyo mgeni ndiye atakayelima?" Tukamwambia, mama, usituharibie kwa wakubwa. Mimi nami nilimwambia hivyo.

CHANGAMOTO

Mvua ya siku ile ilinyesha kwa muda wa saa tatu tu. Maji hayakuwa na pa kuingia. Yalitambaa juu ya gamba tangu mashamba ya juu, yakashukia nyumba. Yeye alikuwa jikoni anaokoa mfuko wa mbegu.

Kesho yake tulichimba kaburi pembeni mwa shamba. Shibiri ya kwanza ilikuwa uji. Kisha sururu ikagota. Tulipolivunja gamba, udongo wa chini ulikuwa mkavu, unatimka vumbi. Mchimbaji alisimama, akaniangalia.

"Kaka," akasema, "huku haijanyesha."

Changamoto nyingine hatukuandika.

MAOMBI

Tumesikia kwamba baada ya sherehe hii Jino linapelekwa kwenye maonyesho. Tunaomba lisiende. Mvua zimebakiza wiki tatu. Dereva yule pale, trekta linanguruma. Ukishakata utepe, liingie shambani leo hii, lianzie mashamba ya juu. Hotuba utatupa hukohuko, tutasikiliza tumesimama. Chini ya mteremko kuna nyumba kumi na moja, na zote zina watu ndani.

Mungu akurudishe salama, umkute mama watoto wako mlangoni. Ni sisi, Kikundi cha Wakulima Tusichoke.

Limebaki jambo moja, nalo wenzangu wameniruhusu. Bwana shamba tulimuuliza, akasema amri ya kulifungia Jino ilitoka juu. Wa juu wakasema ilitoka kwako. Ofisini kwako tukajibiwa hawajui lolote. Mgeni rasmi, ni nani aliyesema lisitoke mpaka uje?